UDUGU WA NAMBARI

Nawaandikia kutoka hapa Kisumu, mji uliokuwa ukiitwa Port Florence reli ilipofika ziwani mwaka wa 1901. Safari hii sikuleta shairi wala ngano ya sungura na fisi. Nimeleta deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Deni lenyewe lilianza muhula wa pili, katika mjadala wa Chama chetu cha Kiswahili. Hoja ilikuwa: "Kiswahili hakifai kufundishia hisabati." Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Nilianza vizuri, bwana! Niliwakumbusha wenzangu kwamba jirani zetu wa Tanzania wamefundisha shule za msingi za serikali kwa Kiswahili tangu 1967, hisabati ikiwemo. Nikataja nambari shufwa, nambari witiri na nambari tasa. Nikapigiwa makofi. Ndipo mwenzangu mmoja wa kidato cha nne akasimama na kuuliza swali moja tu: "Ndugu msemaji, si kaka yako anasomea hisabati chuo kikuu? Hebu tuelezee kwa Kiswahili kitu anachokisomea."

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Ukumbi ukaangua kicheko, kura zikapigwa, tukashindwa.

Lililoniuma usiku ule si kushindwa. Niliuma kidole nikatambua kwamba hata kama ningeruhusiwa kujibu kwa Kiingereza, au kwa Dholuo, bado ningenyamaza. Kosa halikuwa la lugha. Sikujua kaka yangu anasoma nini! Basi likizo ilipofika nilimwuliza. Akatabasamu, akaandika kwenye daftari langu: yuniti maalum na fanksheni za L za p-adiki. Nilipoyasoma hayo nilihisi kizunguzungu kama mtu aliyepanda mashua kwa mara ya kwanza. Tulikaa kwa nyanya yetu Dunga siku tatu, yeye akieleza, mimi nikiuliza. Nilielewa nusu. Nusu hiyo ndiyo ninayowaletea, maanake asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

NYANYA HAULIZI UNAKAA WAPI

Nyanya yetu huuza omena pale ufukweni. Mgeni akija, nyanya hamwulizi anakaa wapi. Anamwuliza, "Wewe ni wa nani?" Mgeni hutaja baba, kisha babu, kisha baba ya babu, mpaka wafike kwa mtu mmoja ambaye wote wawili wametoka kwake. Wakikutana kwa babu, basi mgeni ni ndugu wa karibu, hata kama anaishi Mombasa. Wakilazimika kupanda vizazi kumi, ni ndugu wa mbali, hata kama ukuta wake unagusana na wetu. Na vijana wakitaka kuoana, swali hili haliepukiki kamwe, kwa sababu kwetu Waluo mtu haoi ndani ya ukoo wake.

Kwa hivyo kuna umbali wa aina mbili: umbali wa miguu na umbali wa damu. Kaka yangu akaniambia, "Nambari nazo ziko vivyo hivyo."

Umbali wa miguu ndio tunaofundishwa darasani. Nambari 1 na 2 ni majirani. Nambari 1 na 126 ziko mbali, hatua 125. Umbali wa damu uliingizwa katika hisabati na Mjerumani aitwaye Kurt Hensel mwaka wa 1897. Ili kuupima, kwanza chagua nambari tasa moja, yaani nambari isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 2, 3, 5, 7 au 11. Wataalamu huiita p nambari hiyo iliyochaguliwa, na ndiyo ile p ya p-adiki. Sisi tuchague 5. Nyanya huhesabu samaki wake kwa Dholuo: achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich. Baada ya abich, yaani tano, husema auchiel, abiriyo. Sikiliza vizuri: ndani ya auchiel, sita, kuna achiel, moja, ndani ya abiriyo, saba, kuna ariyo, mbili. Ni kama mkono mmoja umejaa, tukaanza mwingine. Basi 5 si mgeni kwetu.

KOO TANO ZA NAMBARI

Igawanye kila nambari nzima kwa 5, uangalie baki. Baki ni 0, 1, 2, 3 au 4. Hizo ndizo koo tano. Nambari 1, 6, 26 na 126 zote zina baki 1, kwa hivyo ni ukoo mmoja. Nambari 2 ni ya ukoo mwingine kabisa.

Ndani ya kila ukoo kuna milango mitano. Ili kuiona, gawanya kwa 25. Hapo 6 inajitenga, lakini 1, 26 na 126 bado wako mlango mmoja. Ndani ya mlango kuna nyumba. Gawanya kwa 125: sasa 26 imebaki nje, lakini 1 na 126 wangali pamoja. Unaweza kuendelea hivyo bila kikomo.

Umbali wa damu basi hupimwa hivi. Tafuta tofauti ya nambari mbili. Ikiwa haigawanyiki kwa 5, umbali ni 1: hao hawana undugu. Ikigawanyika kwa 5 tu, umbali ni 1/5. Ikigawanyika kwa 25, umbali ni 1/25. Ikigawanyika kwa 125, ni 1/125. Kadiri tofauti inavyogawanyika kwa 5 mara nyingi, ndivyo undugu unavyokuwa wa karibu. Kwa kipimo hiki 1 na 126 ni watoto wa nyumba moja, ilhali 1 na 2 hawajuani.

Kuna ajabu moja hapa. Chukua nambari tatu: 1, 26 na 6. Kutoka 1 hadi 26 ni 1/25. Kutoka 1 hadi 6 ni 1/5. Kutoka 26 hadi 6, tofauti ni 20, kwa hivyo ni 1/5 tena. Pande mbili ziko sawa! Na si kwa hizi tu. Katika umbali wa damu, kila pembetatu ina pande mbili zilizo sawa. Nilipomweleza nyanya jambo hili alinishangaa kwa kuona ajabu. Akasema, kama wewe na binamu yako ni wa babu mmoja, basi mtu wa ukoo wa mbali yuko mbali na nyinyi nyote kwa kiasi kile kile. Kwani ulitaka iwe vipi?

JUMLA AMBAYO MWALIMU ATAIPIGA MSTARI

Sasa tazama hesabu hii isiyo na mwisho:

1 + 5 + 25 + 125 + 625 + ...

Kwa umbali wa miguu, jumla hii inakimbia, haishikiki. Lakini hebu tuijaribu kwa damu. Tukijumlisha hatua kwa hatua tunapata 1, 6, 31, 156. Zidisha kila moja kwa 4: tunapata 4, 24, 124, 624. Ongeza 1: tunapata 5, 25, 125, 625. Kwa umbali wa damu, nambari hizi za mwisho zinaisogelea 0, kwa kuwa zinagawanyika kwa 5 mara nyingi zaidi na zaidi. Kwa hivyo jumla yetu, ukiizidisha kwa 4 na kuongeza 1, inafika 0. Yaani jumla yenyewe ni hasi robo, −1/4.

Ukiandika hivyo katika mtihani wa KCSE utapigwa mstari mwekundu, na mwalimu atakuwa na haki, kwa sababu huko tunatumia umbali wa miguu. Ila jibu si upuuzi. Ni jibu sahihi la ulimwengu mwingine, na ulimwengu huo ndio unaoitwa nambari za 5-adiki.

KUMMER NA MAJIBU YALIYO NDUGU

Twende hatua moja zaidi. Katika karne ya 18, Mswisi Leonhard Euler alizipa thamani jumla za kustaajabisha. Jumla ya 1 + 2 + 3 + 4 na kuendelea aliipa −1/12. Ukipandisha kila nambari kipeo cha 5 kabla ya kujumlisha, thamani ni −1/252. Hapa hatujumlishi kama tunavyojumlisha bei ya omena sokoni Kibuye. Kuna sheria maalum ya kupata thamani hizi, na Bernhard Riemann aliieleza sawasawa mwaka wa 1859. Kwa leo tuzikubali.

Kwa kuwa tumo katika ulimwengu wa 5, tuondoe vigawe vya 5, yaani 5, 10, 15 na wenzao. Jumla ya kwanza inabadilika kuwa 1/3. Ya pili inakuwa 781/63. Ukizitazama kwa macho hazifanani hata kidogo. Lakini toa moja kutoka kwa nyingine: tofauti ni 760/63, na 760 ni 5 mara 152. Ni ndugu wa ukoo mmoja!

Hii si bahati. Mjerumani Ernst Kummer alionyesha mwaka wa 1851 kwamba ukianza na kipeo cha 1 na kuruka 4 4, yaani 1, 5, 9, 13, majibu yote yatakuwa ukoo mmoja. Ukiruka 20 20, yatakuwa mlango mmoja. Ukiruka 100 100, nyumba moja. Kwa ufupi, vipeo vikiwa ndugu wa karibu, majibu nayo huwa ndugu wa karibu.

Mahali ambapo jirani huzaa jirani, mapengo huweza kuzibwa. Ni kama mvuvi anayepima kina cha ghuba ya Winam hapa na pale: kama kina hakibadiliki ghafla, anaweza kuchora sakafu nzima ya ziwa. Mwaka wa 1964 Mjapani Tomio Kubota na Mjerumani Heinrich-Wolfgang Leopoldt walifanya hivyo hivyo. Walichukua majibu ya Kummer yaliyotawanyika, wakayaunganisha kuwa kitu kimoja kisicho na pengo. Kitu hicho ndicho fanksheni ya L ya p-adiki. Fanksheni ni kama kinu: unatia nambari huku, inatoka nambari kule. Jina refu, kazi fupi.

YUNITI SI ZA STIMA

Haya, tupumzike, halafu twende kwa yuniti. Mama akisema yuniti zimeisha, anazungumzia stima. Katika hisabati, yuniti ni nambari inayoigawanya 1 bila kubakisha, tukikaa ndani ya nambari nzima. Katika nambari nzima za kawaida ziko mbili tu: 1 na −1. Wachache kama meno ya mtoto.

Lakini tukimkaribisha kipeuo cha pili cha 5, yaani √5, ukoo unapanuka. Chukua nambari hii: 1 ongeza √5, gawanya kwa 2. Ni kama 1.618. Nayo huhesabiwa kuwa nambari nzima katika ukoo huo mpya, kwa sababu ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata ile ile na 1 zaidi, bila sehemu yoyote kuingia. Sasa izidishe kwa √5 toa 1, gawanya kwa 2. Juu utapata 5 toa 1, yaani 4. Chini utapata 4. Jibu ni 1. Kwa hivyo 1.618 yetu ni yuniti!

Kwa nini iitwe maalum? Hebu chukua bikari, uchore duara la nusu kipenyo sm 5. Gawanya duara sehemu tano sawa, kila pembe ya katikati nyuzi 72. Unganisha alama upate pembetano. Pima upande mmoja: karibu sm 5.9. Kisha pima mshazari, mstari unaoruka alama moja: karibu sm 9.5. Gawanya mshazari kwa upande. Utapata karibu 1.6, na kama ungepima bila kosa ungepata ile ile yuniti yetu. Hatukuitafuta gizani. Tumelikata duara, ikadondoka yenyewe. Yuniti zinazozaliwa hivi, kwa kichocheo kinachojulikana, ndizo yuniti maalum za mwanzo kabisa.

DARAJA

Sasa ndugu msomaji, kaa vizuri, maanake hapa ndipo penye kiini cha habari yote.

Andika jumla ifuatayo. Kila nambari iandikwe kama sehemu ya 1. Ikiwa baki yake kwa 5 ni 1 au 4, ongeza. Ikiwa baki ni 2 au 3, toa. Ikiwa baki ni 0, iruke:

1 − 1/2 − 1/3 + 1/4 + 1/6 − 1/7 − 1/8 + 1/9 + ...

Hii ndiyo jumla ya L ya koo tano. Nilikaa na kikokotoo cha kaka chini ya mwembe. Baada ya nambari nne nilipata 0.4167. Baada ya nane, 0.4266. Baada ya kumi na mbili, 0.4287. Inapanda polepole kama kobe, lakini haipiti mahali fulani.

Kaka akanipa kitabu cha majedwali. "Tafuta logi ya 1.618." Ni 0.2090. "Zidisha kwa 2.3026 ili iwe logi ya asili." Ni 0.4812. "Zidisha kwa 2, gawanya kwa √5." Nikapata 0.4304. Na hapo ndipo jumla ile isiyo na mwisho inapokwenda kukaa! Sehemu zote zile, moja baada ya nyingine milele, zilikuwa zikitafuta mshazari wa pembetano.

Hiyo ni kwa umbali wa miguu. Je, kwa umbali wa damu? Huko jumla hii haijumlishiki moja kwa moja, kwa sababu sehemu zake hazipungui kamwe. Lazima upite njia ya Kummer, ukusanye majibu yaliyo ndugu, uzibe mapengo kama walivyofanya Kubota na Leopoldt, kisha utie 1 ndani ya kinu. Leopoldt alipata kanuni ya kile kinachotoka. Ni hii: logi ya yuniti yetu, mara 2, gawanya kwa √5. Maneno ni yale yale! Tofauti ni kwamba logi yenyewe imepimwa kwa damu, si kwa miguu.

Nilimwambia kaka arudie. Akarudia. Ulimwengu mmoja wapima kwa hatua, mwingine wapima kwa ukoo. Hawakubaliani hata juu ya nani ni jirani wa nani. Hata hivyo, ukiuliza kila mmoja swali la jumla hii, wote wawili wanakutajia mtu mmoja: yuniti ile ya pembetano. Yeye ndiye babu ambaye pande zote mbili zinakutana kwake. Swali la nyanya limejibiwa.

PALE MGAWANYIKO UNAPOVUNJIKA

Msidhani kila ukoo una amani kama huo wa √5. Tumezoea kwamba 6 ni 2 mara 3 na basi. Lakini ukimkaribisha √10, nambari 6 ni 2 mara 3, na pia ni (4 + √10) mara (4 − √10). Zidisha uone: 16 toa 10. Njia mbili tofauti, na hakuna inayoweza kuvunjwa zaidi! Mwaka wa 1847 Mfaransa Gabriel Lamé alitangaza mbele ya wanachuoni wa Paris kwamba ametatua fumbo la Fermat, kumbe hoja yake ilitegemea kwamba mgawanyiko huwa na njia moja tu. Ikaporomoka.

Katika kanuni yetu ya L kuna nambari moja niliyoificha, kwa kuwa kwa √5 ni 1 tu. Nambari hiyo hupima kiasi ambacho mgawanyiko umevunjika. Kwa √10 ni 2. Kwa hivyo fanksheni ya L haitupi yuniti peke yake. Inatuambia pia kama ukoo una ugonjwa. Kummer alitumia majibu yale yale ya Euler kutambua nambari tasa zenye matatizo. Chini ya 100 ziko tatu tu: 37, 59 na 67.

Na kazi haijaisha. Duara hutupatia yuniti maalum za koo chache. Mwaka wa 1900 David Hilbert aliwaachia wataalamu maswali 23, na la 12 liliuliza: kwa koo nyingine, kichocheo ni kipi? Katika miaka ya 1970 Mmarekani Harold Stark alikisia kwamba fanksheni za L zenyewe zinajua. Mwaka wa 1981 Benedict Gross akaandika kisio la namna hiyo kwa upande wa p-adiki. Na katika miaka hii yetu Samit Dasgupta wa Marekani na Mahesh Kakde wa India wamethibitisha sehemu kubwa ya makisio hayo, katika kazi iliyochapishwa mwaka wa 2023, wakaonyesha jinsi ya kuzikokotoa nambari hizo kwa njia ya p-adiki. (Kwa usahihi, nambari zao hugawanya kipeo fulani cha p, si lazima 1.) Fikiria: majibu yaliyosubiriwa kwa umbali wa miguu zaidi ya miaka 100 yalipatikana kwa koo nyingi kupitia umbali wa damu.

ZITALIPA KARO?

Jioni ya mwisho tulikula ngege kwa ugali. Baba, ambaye amelipa karo zetu zote kwa samaki, alisikiliza kwa muda mrefu, halafu akauliza swali la mzazi: "Na hizi, zitalipa karo?"

Kaka hakudanganya. Alisema, "Bado, baba." Kisha akaeleza kwamba mwaka wa 1940 Mwingereza G. H. Hardy, bingwa wa nadharia ya nambari, aliandika kwamba fani yake haina matumizi. Mwaka wa 1977 ikatokea njia ya kuficha siri iitwayo RSA, iliyojengwa juu ya nambari tasa na mabaki. Leo pesa zinazopita kwenye benki na mitandao hulindwa kwa hisabati ya ukoo huo. Fanksheni za L za p-adiki hazijapata kazi ya aina hiyo, na huenda zisipate. "Lakini," kaka akasema, "ziwa lilikuwa hapa kabla ya mashua."

Baba alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Hiyo ya 1 na 126 kuwa ndugu, hebu rudia." Mimi nikairudia, na sikuhitaji msaada wa kaka.

DENI LIMELIPWA

Sasa namrudia mwenzangu wa kidato cha nne, popote ulipo. Hesabu mwenyewe maneno niliyotumia. Ukoo, mlango, nyumba, baki, kipeo, duara, mshazari, ndugu: yote tulikuwa nayo. Niliyokopa ni machache: yuniti, adiki, fanksheni, logi. Hata hayo si aibu. Shule tuliikopa, meza tuliikopa, na sita, saba na tisa zilitoka Uarabuni, tukazihesabia na hakuna aliyelalamika. Siku ile ukumbini sikunyamaza kwa sababu Kiswahili kilinitoka. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa nimeuliza. Mwakani hoja ile ile ikirudi, naomba nafasi ya kusema wa kwanza.

CHEMSHA BONGO

1. Kati ya 7, 32, 57 na 132, ni nani ndugu wa karibu zaidi wa 7 kwa umbali wa damu wa 5?

2. Katika ulimwengu wa 3, jumla ya 1 + 3 + 9 + 27 na kuendelea ni nambari gani?

3. Onyesha kwamba √2 ongeza 1 ni yuniti katika ukoo wa √2.

4. Kwa wenye subira: Kummer aliona kwamba 37 inaigawanya 7709321041217 bila kubakisha. Hakikisha kwa mkono, bila kikokotoo.

Majibu yaletwe kwenye mkutano wa Chama. Atakayepata yote manne nitamnunulia mandazi. Kiswahili kitukuzwe!

Mimi mwanachama wenu, Kidato cha Tatu.